Mary Leakey, Mama wa Penseli

Ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza nani aliliona fuvu la Zinjanthropus, atakujibu bila kupepesa macho: Dokta Leakey. Muulize Leakey yupi, hapo ataanza kujikuna kichwa kama mtu aliyeletewa swali la sapu. Kwenye madesa yetu, tangu kidato cha kwanza, Leakey ni mmoja tu, mwanamume, jina lake Louis, basi. Sasa fuvu lile alilibaini mkewe Mary, asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 kule Olduvai, wakati mzee mwenyewe amelala kambini anaumwa. Hilo wapo wanaolijua. Lisilosemwa, na ndilo lililonifanya nisumbue kurasa za jarida letu, ni kwamba mama huyu aliingia kwenye akiolojia kwa mlango wa uchoraji. Digrii hana, cheti cha kumaliza shule hana, ana penseli na jicho.

Naandika nikiwa Matombo, kwenye mazoezi ya kufundisha. Kwa asiyepajua: ukitoka Morogoro mjini unashika barabara ya Kisaki, unaiacha milima ya Uluguru mkono wa kulia, vumbi linakula nguo, halafu unaanza kuona migomba, mdalasini na pilipili manga mpaka macho yanachoka. Jina lenyewe kwa Kiluguru maana yake ni matiti, na ukiviona vilima vyake huulizi tena. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapa mwaka 1897. Mimi nafundisha historia kidato cha kwanza, mada ni ileile ya chanzo cha binadamu na zana zake, na kitabu kimoja wanagombea watoto watano. Picha zilizomo zimechapwa nyeusi tii, shoka la jiwe huwezi kulitofautisha na kiazi. Nikaamua kuchora mwenyewe kwenye manila. Na hapo ndipo nikakwama, maana kuchora jiwe ili mtoto aone kwamba ni zana na siyo kokoto la mtoni si jambo la mchezo. Nikaanza kusoma habari za waliokuwa wakiifanya kazi hiyo.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari. Alikuwa akizunguka na familia yake Ufaransa, Italia na Uswisi, anachora kiangazi chote, kisha anarudi Uingereza kuuza, halafu safari tena. Kabla ya hapo alikuwa ameishi na kuchora Misri, na Howard Carter, yule aliyelifungua kaburi la Tutankhamun, alikuwa rafiki yake. Kwa hiyo binti huyu alikua katikati ya rangi za maji na hadithi za makaburi.

Upande wa mama kuna jambo ambalo watu wa pwani watalipenda. Mama yake, Cecilia, alikuwa wa ukoo wa Frere. Mwaka 1797 John Frere aliwaandikia wasomi wa London kuhusu mawe yaliyochongwa, yaliyochimbuliwa mahali paitwapo Hoxne, akisema ni kazi ya watu wasiojua chuma. Wakati huo hakuna aliyemjali. Mjukuu wake, Bartle Frere, ndiye aliyetumwa Zanzibar mwaka 1872 kumbana Sultani Barghash juu ya biashara ya watumwa, na ndiye ambaye jina lake lilipewa Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru pale Mombasa. Hapa Matombo ukoo wa mtoto unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo nilipowasimulia wazee walisema palepale kwamba Mary si wa Nicol hata kidogo, ni wa kina Frere. (Mzee mmoja akanikatiza: huyo Cecilia naye ukoo wake ni wa mama yake, siyo wa Frere. Tukaliacha hapo.)

Akiwa na miaka kumi na kitu familia ilikaa kusini-magharibi mwa Ufaransa, nchi ya mapango. Kijijini Cabrerets padri wa parokia, Abbé Lemozi, alikuwa mtafiti wa mambo ya kale, na ndiye aliyewaingiza kwenye pango la Pech Merle, lililokuwa limegunduliwa mwaka 1922. Fikiria: mtoto anashika taa, ukutani farasi wenye madoadoa waliochorwa maelfu ya miaka kabla ya piramidi, na baba yake mchoraji amesimama pembeni. Sehemu nyingine waliruhusiwa kuokota zana za mawe kwenye udongo ambao wachimbaji walikuwa wameutupa. Mary akaanza kuzipanga kwa aina.

Mwaka 1926 baba akafariki. Mama akamrudisha Uingereza, akamtia shule ya masista. Akafukuzwa, kisa kimojawapo kugoma kukariri mashairi mbele ya watu. Akatiwa nyingine, akafukuzwa tena baada ya kusababisha mlipuko kwenye maabara ya kemia. Ikawa ndio mwisho wa shule. Mama alipoulizia Oxford aliambiwa asijisumbue. Binti akawa anakwenda London kusikiliza mihadhara ya akiolojia na jiolojia kama msikilizaji tu, yaani bila usajili wa maana, bila mtihani. Miaka mingi baadaye Oxford hiyohiyo ilimvisha joho la udaktari wa heshima. Wanaotishwa na neno disko wanaweza kupata faraja kidogo hapa, ingawa nisingemshauri mtu alipue maabara.

Riziki ilitoka kwenye mchoro. Kuanzia mwaka 1930 alishiriki uchimbaji wa Dorothy Liddell huko Hembury, Devon, na akawa anachora zana zilizopatikana. Michoro hiyo aliiona Gertrude Caton-Thompson, mwanaakiolojia mwanamke mwenye jina kubwa zama zile, akamwomba amchoree zana za kitabu chake cha Fayum, Misri.

Ngoja nieleze mchoro wa jiwe unavyofanyika, maana nimeuhangaikia wiki tatu. Jiwe la zana limejaa makovu. Kila kovu ni mahali kipande kilipobanduka baada ya kugongwa. Ndani ya kovu kuna mawimbi madogo, kama yale ya maji ukitupa kokoto, na mawimbi hayo yanaonyesha pigo lilitoka upande gani. Mchoraji anachukulia kwamba mwanga unatoka juu kushoto, anachora mpaka wa kila kovu, kisha anatia vistari vinavyofuata mawimbi. Lakini ili uchore mpaka sawasawa lazima uamue kovu lipi limekata lingine, maana yake pigo lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Kwa hiyo aliyemaliza mchoro mmoja mzuri amekwisha kulifuata lile jiwe pigo kwa pigo, tangu lilipookotwa mtoni mpaka lilipotupwa. Hapo humwambii kitu. Kamera inapiga kivuli na doa na kovu vyote kwa pamoja, haijui kipi ni kipi. Wanangu wa kidato cha kwanza wameligundua hilo haraka kuliko mimi. Kuna binti mmoja ambaye daftari lake la hisabati lina picha nyingi kuliko hesabu, na ndiye aliyeniuliza kwenye manila yangu ni kovu gani la kwanza. Nilimpa chaki atuonyeshe.

Turudi kwa Mary. Mwaka 1933 Caton-Thompson alimkutanisha na Louis Leakey, mtoto wa wamisionari, mzaliwa wa Kabete, Kenya. Louis alikuwa anatafuta mchoraji wa kitabu chake kuhusu mababu wa binadamu, kilichotoka mwaka 1934. Mary akakubali. Tatizo ni kwamba Louis alikuwa na mke na watoto, na kazi ya kitabu ikazaa mapenzi. Cambridge ilitikisika kwa uvumi, na heshima ya Louis pale chuoni ikaporomoka. Siwezi kumpamba Mary kwenye hili. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga aliyeachwa kwenye mataa. Louis na Mary walioana tarehe 24 Desemba 1936.

Kabla ya ndoa, mwaka 1935, alikuwa ameshafika Tanganyika. Alipanda Ngorongoro, akaliona bonde la Olduvai, na safari hiyohiyo wakateremka mpaka Kisese, wilaya ya Kondoa, kutazama michoro ya miambani. Yule mtoto wa Pech Merle akakutana na kuta nyingine. Huku si pango la giza: ni majabali yaliyoinama kama vibaraza, jua linaingia, upepo unaingia, na juu yake watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma, pamoja na twiga, tandala, pofu na tembo. Juu ya nyekundu, sehemu nyingine, imekuja michoro minene ya rangi nyeupe ya watu wa baadaye.

Akasubiri miaka kumi na sita. Katikati ilipita vita, wakazaliwa watoto, na mwaka 1948 katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria, akapata fuvu la Proconsul, nyani wa kale sana. Ndipo mwaka 1951, kwa msaada wa fedha wa mfuko wa Wenner-Gren wa Marekani, yeye na Louis wakaweka kambi Kondoa kwa miezi mitatu. Walihesabu maeneo 186 yenye michoro, na Mary akanakili takriban maumbo 1,600.

Kazi ilikuwa hivi. Unabandika karatasi angavu juu ya mwamba bila kuukwaruza. Unafuatisha kila mstari, umesimama juu ya ngazi au umelala chali, kutegemea mchoraji wa kale alisimama wapi. Ukirudi kambini unaihamisha nakala kwenye karatasi ya kawaida kwa kipimo kidogo, kisha unatia rangi ifanane na ya mwambani. Mara 1,600! Mtu anayelalamika kwamba kazi ya mchoro ya kozi ina kurasa kumi, na bumu ameshalila, afikirie hesabu hiyo.

Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1984, Mary aliihesabu miezi ile ya Kondoa miongoni mwa nyakati bora kabisa za maisha yake, na hili linashangaza kidogo kwa mtu aliyeshika fuvu la Zinj mikononi. Lakini sababu aliyoitoa inaeleweka. Mawe na mifupa vilimweleza watu walikula nini na waligonga jiwe vipi. Miamba ya Kondoa ilimwonyesha nywele zilivyosukwa, nguo, ngoma, mtu anayepuliza ala, watu wanaocheza. Akiolojia yote aliyokuwa akiifanya haikuweza kumpa msuko mmoja wa nywele.

Nakala zake nilizitazama maktaba ya chuo, kwenye kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1983, Africa's Vanishing Art. Kuna moja kutoka Kolo inayojulikana sana. Katikati yuko mtu anayeonekana kuwa mwanamke, amevutwa mikono, wawili upande huu na wawili upande ule, na baadhi yao vichwa vyao vina umbo la ajabu kama vinyago. Mary aliisoma kama utekaji: hawa wanamnyakua, wale wanamzuia. Wataalamu waliokuja baadaye, wakiwaangalia Wasandawe na ngoma yao ya simbo, wamesema huenda si ugomvi bali ni tambiko, mtu amepandisha na wenzake wanamshika asianguke. Mimi mwenyewe naelemea upande wa pili, maana kwenye ngoma za huku Uluguru nimeona mtu akishikwa vilevile na hakuna aliyemteka. Lakini jambo ni kwamba tunaweza kubishana na Mary kwa kutumia mchoro wake mwenyewe. Alichora vidole, alichora vile vichwa vya ajabu kama vilivyo, hakuvilazimisha vifuate hadithi yake.

Lipo la kumlaumu pia. Mwamba wa Kondoa ni vurugu: twiga juu ya mtu, mtu juu ya pofu, doa jeupe juu ya wote, ufa katikati, masizi. Nakala nyingi za Mary zinamtoa twiga peke yake kwenye karatasi safi, mzuri, ametulia. Anayetazama kitabu bila kwenda Kondoa atadhani wale wachoraji walikuwa na karatasi nyeupe kama sisi. Kunakili ni kuchagua, na kila alichokiacha nje ya karatasi tumekikosa kwa muda ambao mwamba nao unafutika. Na unafutika kweli. Mvua inateremsha chumvi, nyuki wanajenga, watu wanaandika majina. Wengine wanachimba chini ya majabali wakitafuta dhahabu ya Mjerumani. Huku kwetu nako hadithi za mali ya Mjerumani haziishi, maana jeshi lake lilipita milimani hapa mwaka 1916 likirudi nyuma kuelekea Kisaki, kwa hiyo nazijua nguvu za hadithi hiyo. Mtu akishaamini kwamba alama kwenye jiwe ni ramani ya hazina, humzuii kwa kibao cha Idara ya Mambo ya Kale. UNESCO iliingiza michoro ya Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa Warangi wa pale, mahali kama Mungumi wa Kolo si makumbusho hata leo, wanakwenda kuomba mvua na kutibu.

Kitabu kilichelewa miaka 32 baada ya kambi ile. Kuchapa rangi ni gharama, na Olduvai ilimeza kila kitu. Baada ya fuvu la 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, fedha za Marekani zilimiminika. Jina lake, Zinj, ndilo jina la kale la pwani yetu kwa Kiarabu, na fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Louis akawa mtu wa majukwaani, anazunguka dunia akihutubia. Mary akabaki bondeni na mbwa wake wa Dalmatia, siga mdomoni, pamoja na wachimbaji wa Kikamba ambao macho yao yaliona masalia mengi kuliko ya wasomi waliotia saini makala. Kamoya Kimeu, aliyekuja kuwa bingwa wa kazi hiyo Afrika Mashariki, alianza kwao. Mwaka 1971 Mary akachapisha juzuu lake kubwa kuhusu tabaka mbili za chini za Olduvai, na humo michoro ya zana ni ya mkono uleule wa Hembury.

Alikuwa mkali, hakupenda wageni wasiotaarifu, na hakuwa mtu wa siasa. Hata hivyo mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilipotaka kumpa shahada ya heshima, aliikataa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Kwa mtu aliyekataliwa mlangoni na vyuo, kuiacha shahada mezani si jambo dogo.

Louis alifariki mwaka 1972. Miaka miwili baadaye Mary alianza kazi Laetoli, kusini mwa Olduvai. Mwaka 1976 watu wake walibaini nyayo za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyoganda, na mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, njia ya urefu wa mita 27 hivi, umri wake kiasi cha miaka milioni 3.6. Alikuwa na miaka 65, anapiga magoti juani na brashi, anatoa mchanga kwenye kisigino. Kwenye wayo mmoja aliona kwamba aliyepita alisita, kama anageuka kidogo kushoto, halafu akaendelea. Ukishajua historia yake huwezi kushangaa kwamba ni yeye aliyeona. Alishazoea kuitazama alama na kuuliza mkono, au mguu, ulikujaje pale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliondoka Olduvai, akahamia Nairobi, na miaka hiyohiyo akalimaliza lile deni la Kondoa. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83. Nyayo za Laetoli zilikuwa zimefunikwa kwa udongo na mawe baada ya uchimbaji, migunga ikaota juu na mizizi ikaanza kuzitafuta, ikabidi miaka ya 1990 zifunuliwe, zitibiwe, na kufunikwa upya. Mwaka aliofariki zilikuwa zimekwisha kurudishwa chini. Anayetaka kuziona leo anaonyeshwa nakala za plasta, picha na michoro.